Kilichobaki Kichwani mwa Uhura

Wanaonifahamu hapa Howard College wanaujua udhaifu wangu: mimi ni mgonjwa wa Star Trek. Tena si mgonjwa wa juzi. Nilianza nikiwa na miaka tisa, kule Tanga, siku mjomba wangu aliyekuwa baharia alipoteremsha sanduku la kanda za video na deki iliyokuwa ikikwaruza kama paka. Wenzangu walikuwa wanakwenda kibanda cha video kuangalia mapigano ya Van Damme. Mimi nilibaki nyumbani nawakodolea macho watu waliovaa fulana za rangi rangi wakizungumza na nyota. Uhandisi niliousoma, na huu ninaoendelea kuusomea hapa Durban nikiwa na miaka thelathini, ulianzia kwenye deki ile. Kwa hiyo mtu asiseme naandika haya kwa chuki. Naandika kama shabiki wa Simba anayemsema kocha: timu ni yangu, ndiyo maana inaniuma.

Ninachotaka kukisema ni sehemu moja tu ya mfululizo ule wa kwanza kabisa. Inaitwa The Changeling, na Wamarekani waliiona kwa mara ya kwanza tarehe 29 Septemba 1967. Aliyeiandika ni John Meredyth Lucas, aliyeiongoza ni Marc Daniels. Wapenzi wengi wa Star Trek huiweka katika zile nzuri, na hata mimi nimeitetea kwa zaidi ya miaka kumi. Sasa nimeshindwa, na nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza niwasimulie wale ambao hawajaiona.

Chombo cha anga kinachoitwa Enterprise kinakuta viumbe wapatao bilioni nne wameuawa katika mfumo mmoja wa sayari. Muuaji ni mashine ndogo, haifiki hata kimo cha mtu, inaitwa Nomad. Mashine hiyo ilitengenezwa hapa duniani ikarushwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenda kutafuta uhai mpya. (Miaka hiyo tumeshaipita, ndugu zangu. Nomad hatukumwona, tuliona simu za tochi.) Huko angani iligongana na mashine nyingine ya watu wengine kabisa, ambayo kazi yake ilikuwa kuchota sampuli za udongo na kuzitakasa kwa kuua vijidudu. Zote mbili zimeharibika, zikajitengeneza, zikawa kitu kimoja. Mmoja alitumwa kutafuta uhai, mwenzake alitumwa kutakasa. Matokeo yake: kitafute kila chenye uhai, na kama kina kasoro, kiue.

Kama mhandisi, hapo naipigia saluti. Ukiunganisha mifumo miwili bila kuuliza kila mmoja ulitengenezwa kwa lengo gani, unapata lengo la tatu ambalo hakuna aliyelitaka. Somo hilo tunafundishwa darasani kwa slaidi arobaini, Lucas kalifundisha kwa dakika tano.

Sasa njoo kwenye kisa chenyewe. Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano, amekaa kwenye kiti chake anaimba taratibu huku anafanya kazi. Nomad anasikia, anapanda kwenda kuuliza: kuimba ni nini, na kuna faida gani? Uhura anamjibu kama ambavyo mimi na wewe tungejibu, kwamba anapenda tu kuimba. Mashine hairidhiki. Inammulika na kumfyonza kila alichojua. Fundi mkuu Scott anakimbilia kumwokoa, anauawa papo hapo. Kapteni Kirk anaiuliza mashine kwa nini imefanya vile kwa Uhura, na mashine inajibu kwamba akili yake ilikuwa na kasoro, imejaa vurugu.

Baadaye Nomad anaagizwa amtengeneze Scott, na anamtengeneza. Scott anaamka, anarudi kazini. Uhura hatengenezeki. Ubongo ni mzima lakini elimu yote imefutika. Uamuzi unakuwa kwamba afundishwe upya, kuanzia mwanzo kama mtoto wa chekechea.

Hapa ndipo penye habari yetu. Tunamwona Uhura amekaa na nesi Christine Chapel, anasomeshwa kitabu cha Kiingereza cha watoto: mbwa, mpira, mambo ya darasa la kwanza. Anafika kwenye neno "blue". Anajaribu kulisoma kwa kuitamka na ile herufi ya mwisho, kitu kama "blu-i". Nesi anamsahihisha. Na katika kuhangaika huko, mwanamke huyu ambaye tumeambiwa amefutwa kila kitu, anaongea Kiswahili.

Mara ya kwanza kuiona sehemu ile nilikuwa na miaka kumi na kitu. Niliruka juu ya kochi. Kiswahili! Kwenye chombo cha anga! Nilirudisha kanda nyuma mpaka mjomba akanigombeza kwamba nitaimaliza. Matamshi yanahitaji huruma kidogo, kwa sababu Nichelle Nichols alikuwa Mmarekani wa Illinois na si mzaliwa wa Pangani. Lakini kwa mtoto wa Tanga ilitosha. Kwa miaka mingi kila aliyeniambia Star Trek ni mambo ya wazungu nilimjibu kwa dakika ile moja.

Basi, mwaka 2023, zama zile za mgao wa umeme, nilikuwa nafundisha mazoezi ya mekanika kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wengi wao Wazulu, wachache Wahindi wa hapa Durban, na kulikuwa na mwanafunzi mmoja kutoka Kivu. Zoezi lilikuwa la kimia cha vyuma, kama kile cha daraja: uambie kila chuma kinabeba mzigo gani, na kama mzigo huo unakivuta au unakigandamiza. Yule binti alikuwa anakosa alama za kujumlisha na kutoa kila mahali. Nikiwa nyuma yake nikamsikia ananong'ona peke yake kwa Kiswahili cha kwao. Nikamwambia, tena mbele ya wenzake, "Dada, kwa Kiingereza tafadhali. Mtihani hautakuwa wa Kiswahili." Akanyamaza. Wiki iliyofuata hakuuliza swali. Iliyofuata hakuuliza pia. Mimi nikajisemea, vizuri, ameelewa.

Jioni moja umeme ukakatika kama kawaida. Tukawa watu watatu chumbani kwangu tumezunguka kompyuta yenye chaji ya saa moja na nusu: mimi, jirani yangu Mzulu, na rafiki mmoja Mkenya anayesoma sheria. Nikawawekea The Changeling. Ilipofika pale, nikawaambia kwa mbwembwe zote, "Sikilizeni sasa, anaongea Kiswahili!" Mkenya akacheka kidogo. Kisha akauliza, "Sasa mbona huyo nesi anamrudisha kwenye Kiingereza kana kwamba amekosea?"

Nikafungua mdomo kujibu. Jibu halikuwepo. Nilichokiona kwenye kioo cha kompyuta si Uhura wala Chapel. Nilijiona mimi, nimesimama nyuma ya kiti cha yule binti.

Ndugu zangu, hebu tuitazame dakika ile bila ushabiki. Tumeambiwa mashine imefuta kila kitu. Kumbe haikufuta kila kitu, Kiswahili kimebaki. Katika hadithi nzima hilo ndilo jambo la kustaajabisha kuliko yote, na hakuna hata mmoja anayestaajabu. Nikiletewa injini iliyoungua yote, nikakuta pampu moja nzima inazunguka, swali langu la kwanza litakuwa: hii imeponaje? Kama diski imefutwa na faili moja limebaki, fundi yeyote atalifungua faili hilo kabla ya kitu kingine chochote. Enterprise ina Spock, bingwa wa sayansi, mtu anayeinua unyusi kwa mambo madogo kuliko hilo. Hauinuki. Dakta McCoy hashtuki. Nesi anaendelea na kitabu cha mbwa na mpira.

Na wangeuliza, wangekuta sayansi ya kuwaongoza. Mfaransa Théodule Ribot aliandika mwaka 1881 juu ya maradhi ya kumbukumbu, akasema kinachojengwa mwanzo ndicho kinachobomoka mwisho. Mfaransa mwenzake, Albert Pitres, akaja mwaka 1895 na hoja tofauti: mtu wa lugha nyingi akipoteza usemi, lugha inayorudi kwanza ni ile aliyokuwa akiitumia zaidi. Madaktari wameendelea kukuta wagonjwa wa kiharusi wanaorudisha lugha moja kabla ya nyingine, na si Ribot wala Pitres aliyeshinda moja kwa moja. Lakini wote wawili wanakubaliana katika jambo moja ambalo Chapel hakulifikiria: lugha iliyosalia ni mlango, na unaingilia mlango uliofunguka.

Tena angalia hilo neno "blue". Mtu aliyejifunzia kusoma kwa Kiswahili hajui herufi inayokaa kimya. Kila herufi tumeilipia nauli, lazima ishuke na itamkwe. Mpe mtoto wa darasa la kwanza kule Korogwe neno hilo, atakusomea "blu-e" bila kusita, na atakuwa amesoma sawasawa kwa kanuni anazozijua. Sidhani kama mwandishi alikuwa na nia hiyo, alitaka tu kutuonyesha mtu mzima akikosea kama mtoto. Lakini Mswahili akiliangalia tukio lile anaona mtu mwenye kanuni kichwani, si mtu mtupu.

Nilipoyasema hayo jirani yangu Mzulu akauliza, "Mfowethu, kwani nyinyi blue mnaitaje?" Nikamwambia tuna bluu, ya kuazima kwa Waingereza, na tuna samawati, iliyotoka kwenye Kiarabu, yaani rangi ya mbingu. Akacheka. Akasema kwao luhlaza ni kijani na bluu kwa pamoja. Ukitaka kutofautisha unasema luhlaza ya majani au luhlaza ya mbingu. Nikamwambia hata sisi kijani chetu ni cha majani. Basi tukakaa gizani watu watatu, tumesahau filamu, tunahesabu rangi. Kumbe neno moja ambalo nesi alimalizana nalo kwa sekunde tatu lina mbingu na majani ndani yake, kama kuna mtu wa kuuliza.

Narudi kwenye sehemu yenyewe, maana lawama yangu kubwa iko mwishoni. Kirk anaishinda Nomad kwa kuithibitishia kwamba na yenyewe imekosea, kwa hiyo kwa sheria yake yenyewe ijiangamize. Safi sana. Kisha wanaume watatu wanakaa kwenye daraja la chombo. McCoy anatoa taarifa kwamba Uhura ameshafika kiwango cha chuo na ndani ya wiki moja atarudi kazini. Kirk anafanya utani kwamba amepoteza mtoto aliyekuwa na matumaini ya kuwa daktari. Wanacheka. Mwisho.

Bilioni nne wamekufa. Mwenzao amefutwa, anafundishwa upya, na hayupo hapo kwenye kicheko. Na kweli, wiki moja baadaye, tarehe 6 Oktoba 1967, ilirushwa sehemu ya Mirror, Mirror, na Uhura yumo, mzima, mhodari, kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna anayeuliza: je, nyimbo alizokuwa anaziimba zimerudi? Anamkumbuka mama yake? Scott alipofufuka alirudi Scott yuleyule. Uhura alirudishiwa kazi. Kwa mtazamo wa hadithi ile, mtu na kazi yake ni kitu kimoja, na kazi yake inaongea Kiingereza.

Hapo ndipo Nomad na wale wanaojiona wamemshinda wanapokutana. Nomad alisema akili ya Uhura ni vurugu, akaifuta. Enterprise haikusema hivyo, lakini ilipokutana na mabaki ya ile "vurugu" iliyaruka kama dimbwi la maji barabarani.

Sasa niwe mwadilifu, maana wapo watakaoniambia, "Bwana, hiyo ilikuwa 1967, unategemea nini?" Ni kweli, na sisahau. Mwaka ule kumweka mwanamke mweusi kwenye daraja la chombo, akiwa ofisa mwenye cheo, halikuwa jambo dogo Marekani. Nichols mwenyewe alisimulia kwamba baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha, Martin Luther King akamsihi abaki. Hata jina la Uhura limetokana na neno letu uhuru. Tangu 1977 Nichols aliisaidia NASA kutafuta wanawake na watu weusi wa kujiunga na wanaanga. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, mwaka 1992, amesema mara nyingi kwamba Uhura alimfungulia njia. Nichols alifariki Julai 2022, na siku ile nilizima simu kwa kutwa nzima. Hapa Afrika Kusini mwaka ule wa 1967 televisheni yenyewe haikuwepo, ilianza Januari 1976, na miezi mitano baadaye watoto wa Soweto wakaingia barabarani kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaana. Kwa hiyo sisemi Star Trek ilikuwa nyuma ya wakati wake. Ilikuwa mbele.

Lakini hoja ya "ilikuwa 1967" ina upande wa pili. Mwaka huohuo wa 1967, mwezi Machi, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Ni mwaka huohuo Baraza la Kiswahili liliundwa kwa sheria, na Tanzania ikawa inakifanya Kiswahili lugha ya kufundishia shule za msingi. Yaani wakati Uhura anarudishwa kwenye Kiingereza huko Hollywood, watoto halisi walikuwa wanasomeshwa hesabu na sayansi kwa lugha ileile aliyokatazwa kujifunzia. Kuwaza kwamba lugha hii inaweza kubeba elimu halikuwa jambo la karne ya 23. Lilikuwa likitendeka mwaka ule ule.

Mwaka mmoja kabla, Septemba 1966, katika The Man Trap, kiumbe mla chumvi alichungulia mawazo ya Uhura, akajigeuza mwanamume anayeongea Kiswahili ili amnase. Unganisha sehemu hizo mbili. Waandishi walijua, au walihisi, kwamba ukichimba akilini mwa Uhura mpaka chini kabisa unakuta Kiswahili. Lakini mara ya kwanza kimekuwa chambo, mara ya pili kimekuwa kosa la kusahihishwa. Hakikupewa kazi.

Hapa Durban tunao ushahidi kwamba kilichobaki si kitu cha kurukwa. Kuanzia mwaka 1873 Waingereza walishusha bandarini hapa mia kadhaa za watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, ila kwa kuwa walipitia Zanzibar wakaitwa Wazanzibari, na jina likashika. Waliishi King's Rest, kule Bluff, mpaka miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi ilipowahamishia Chatsworth baada ya kuhangaika sana iwaandike kabila gani, ikaishia kuwaweka kwenye fungu la Waasia. Watu hao walifutwa karibu kila kitu: nchi, jamaa, hata jina la kabila lao. Lakini Kimakua kiliendelea kusemwa majumbani kizazi baada ya kizazi, na ndicho kilichowashikilia wakawa watu wamoja. Hakuna aliyewarudisha "kazini ndani ya wiki moja". Walijijenga upya kwa kutumia kilichosalia.

Lakini nisijifanye bingwa wa Kiswahili, maana Mkenya wangu alinikamata hapo pia. Yeye ni Mjaluo. Akaniambia, "Wewe unalia Kiswahili. Kwangu Kiswahili ni cha shule, kama Kiingereza. Ukinifuta mimi, kitakachobaki ni Dholuo." Ilibidi ninywee. Bibi yangu alikuwa Mbondei, na Kibondei changu kinaishia kwenye salamu. Hakuna Nomad aliyenifuta. Ni Kiswahili hichohicho ninachokitetea ndicho kilichokikalia. Kwa hiyo mtu asinisome vibaya. Sisemi kila mtu afundishwe kwa Kiswahili. Nasema mwalimu aanze kwa kuuliza: kichwani mwako kuna nini tayari, na unakiitaje?

Siku chache baada ya jioni ile nilimwita yule binti wa Kivu baada ya kipindi. Nikamwomba radhi. Nikamchorea kile kimia, nikamwambia, "Nieleze kwa lugha unayotaka." Akakitazama kidogo akasema, "Kaka, hii iko navutwa. Na hii ingine iko nafinywa." Akaenda hivyo chuma baada ya chuma, vyote kumi na moja, hakukosea hata kimoja. Alikuwa anajua siku zote nini kinavutwa na nini kinafinywa. Alichokosa ni kujua lipi kati ya yale maneno mawili ya Kiingereza ni la lipi, na mimi badala ya kumpa daraja nilimfungia mlango. Tuliandika maneno hayo pembeni mwa daftari, safu tatu: la kwao, la Kizulu alilotupa jirani yake wa benchi, la Kiingereza. Mtihani aliufanya kwa Kiingereza kama wote. Alifaulu. Sikufanya muujiza wowote, nilichelewa wiki tatu tu.

Mtaniambia darasa moja si chuo. Najua. Tangu 2014 UKZN inawataka wanafunzi wapya wa shahada ya kwanza wawe na kiwango fulani cha Kizulu, na wengi wetu tulilalamika. Mimi mwenyewe niliwahi kusikika nikisema ni kupotezeana muda. Leo naona ni nafasi tuliyopewa bure. Na huku kwetu tunajisifu: UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani Novemba 2021, Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha ya kazi Februari 2022. Tumekula pilau, tumepiga ngoma. Lakini ni wangapi kati yetu tunaofundisha mazoezi hapa tumewahi kumwachia mwanafunzi afikiri kwa sauti kwa lugha iliyobaki kichwani mwake? Lugha ya sherehe ni ile ya The Man Trap, inapendeza kama chambo. Tunachohitaji ni lugha ya kazi.

Star Trek yenyewe, kwa bahati, imejirekebisha. Mwaka 2022 ulikuja mfululizo wa Strange New Worlds, Uhura akiwa bado kijana wa mafunzo, safari hii Mkenya wazi kabisa, anajua lugha 37. Katika sehemu ya pili wamekwama ndani ya kimondo, na njia inafunguka kwa sababu Uhura anaimba taratibu wimbo wa kwao. Sijui kama walioandika walikuwa wanamjibu Lucas. Mimi nimelichukua kama jibu. Mwaka 1967 aliimba akafutwa. Miaka 55 baadaye aliimba, mlango ukafunguka.

Bado naipenda The Changeling. Nitaiangalia tena, na nikifika pale kwenye "blue" nitasimamisha picha, nitamwambia nesi: dada, subiri kidogo, muulize kwanza yeye anaitaje. Na wewe unayesoma ukumbini au kwenye basi la kutoka Westville, kama kesho utasimama nyuma ya kiti cha mtu anayenong'ona kwa lugha yake huku anahangaika na swali, usimkate. Inama usikilize. Huenda ananong'ona jibu.

Wenye hoja tofauti, hasa wale mashabiki wa Star Wars ambao najua wananisubiri, kurasa za toleo lijalo ziko wazi. Naomba kuwasilisha.